Siku saba Kathmandu, kabla ya kupanda Langtang

Siku ya kwanza: Tumefika

Saa za hapa zimetutangulia kwa saa mbili na dakika 45. Nepal imejiwekea robo yake yenyewe, na Shemeji amerekebisha saa yake ya mkononi mara mbili kabla hajaamini. Ndege ilipogusa ardhi uwanja wa Tribhuvan, nyumbani Moshi ilikuwa saa tisa alasiri. Hapa ni saa kumi na mbili kasorobo na jua limeshazama nyuma ya vilima. Viza tumelipia dirishani, dola 50 kwa siku 30, tukatoka nje na mabegi mgongoni kwenye hewa ya baridi yenye harufu ya moshi na ubani.

Niseme mapema mimi ni nani, maana ndiyo sababu ya safari yenyewe. Ni mwongozaji wa Mlima Kilimanjaro. Nilianza kama mgumu, mbeba mizigo, na mzigo wangu wa kwanza ulikuwa trei za mayai ambazo hakuna mkubwa aliyetaka kuzibeba. Miaka yote hiyo nimewapokea watu waliotoka mbali kuja kuuona mlima wetu. Safari hii nimetaka na mimi niende kuuona mlima wa watu. Mvua za vuli zinapoanza, wageni Kilimanjaro hupungua, na huku ndio wakati mbingu ziko wazi. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameacha duka lake la vifaa vya ujenzi Arusha mikononi mwa kijana wake, akaja nami.

Mpango ni bonde la Langtang, kaskazini ya jiji, kuelekea mpaka wa Tibet. Tukae Kathmandu siku tatu, ya nne tupande basi, tutembee siku nane, na tukifika Kyanjin Gompa tuchukue siku moja zaidi kupanda Tserko Ri, kilele cha karibu meta 5,000. Hicho ndicho Shemeji alichokijia. Picha yake ameiweka kwenye simu tangu mwezi wa tano.

Gesti yetu iko Thamel, mtaa wa wasafiri. Vichochoro vyembamba, nyaya za umeme zimesokotana juu kama nywele ambazo hazijachanwa, na kila mlango ni duka: makoti, viatu, kamba, bakuli za shaba zinazoimba ukizipigapiga. Tumekula dal bhat, wali kwa mchuzi wa dengu, mboga za majani na achari. Ndiyo, achari. Mwenye gesti alipotutajia jina hilo tukamwambia hata kwetu ni achari, akacheka na kutuongezea kijiko.

Siku ya pili: Kunguru na vibali

Asubuhi nimemkuta mama mwenye gesti juu ya paa, ameweka wali na vitafunwa kwenye sahani ya majani, anawaita kunguru. Leo ni Kaag Tihar, siku ya kwanza ya sikukuu ya Tihar inayokwenda siku tano, na wanaoanza kulishwa ni kunguru. Kunguru ni mjumbe wa Yama, mungu wa mauti, kwa hiyo anapewa chakula ili asilete habari mbaya nyumbani. Ni kunguru wale wale wa shingo ya kijivu tunaowaona Dar es Salaam. Walifikishwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakitokea Bara Hindi, wakazaliana hadi leo wanasakwa kwa mitego na sumu. Nimesimama pale paani nikiwatazama wakinyang'anyana wali uliopikwa kwa ajili yao, nikajikuta nawatazama kwa jicho jingine.

Tulikuwa na haraka. Kuanzia keshokutwa ofisi nyingi zinafungwa kwa sikukuu, na bila vibali hakuna safari. Tukakutana na mwongozaji wetu, mtu wa miaka kama 45, mwembamba, mapaja ya mtu wa mlima, mzaliwa wa Nuwakot. Nimemwita "Dai", kaka mkubwa, kama wanavyoitana hapa. Naye ananiita "Bhai", mdogo wangu. Mwanamke mkubwa ni "didi", mdogo ni "bahini". Hilo halikuhitaji kufundishwa mara mbili kwa mtu aliyelelewa kumwita kila mtu kaka, dada, shangazi na baba mdogo.

Tumepanda tempo ya umeme ya magurudumu matatu, wanaiita Safa Tempo, na safa kwa Kinepali ni safi. Zimekuwepo tangu miaka ya 1990, kabla wengi wetu hatujasikia habari za magari ya umeme, na yetu imeendeshwa na mwanamke. Njiani Dai na Shemeji wameshindana kutafuta maneno: gari ni gadi, sabuni ni sabun, hesabu ni hisab, kitabu ni kitab. Ndege ya abiria ni hawai jahaj. Jahazi la hewani! Shemeji alirudia neno hilo mpaka tunashuka. Bahari ile ile iliyowaleta kunguru ilibeba na maneno, yakafika hadi kwenye milima ambayo haijawahi kuona tanga.

Ofisi ya vibali iko Bhrikutimandap. Kadi ya mtembea milima ni rupia 2,000, kiingilio cha hifadhi ya Langtang ni rupia 3,000 bila kodi. Tangu Aprili 2023 mgeni hatakiwi kwenda njia nyingi za milimani bila mwongozaji. Nimesikia wageni wawili kwenye foleni wakilalamikia sheria hiyo. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Nimetafuta watu waliopotea mlimani usiku, na najua gharama yake.

Tukiwa tunanywa chai baadaye, chiya ya maziwa na tangawizi, nikamuuliza Dai: hii Tihar inaisha lini? Akasema siku ya tano, Bhai Tika, siku ya dada na kaka. Nikahesabu. Siku ya tano ya Tihar sisi tungekuwa tayari siku mbili ndani ya bonde.

"Na wewe una dada?"

"Wawili. Mkubwa anakuja kutoka Chitwan. Mdogo yuko hapa hapa Chabahil."

"Sasa safari yetu?"

Akatabasamu. "Hunchha, Bhai. Hunchha." Sawa, mdogo wangu. Hakuna shida.

Nalijua hilo tabasamu, maana limekaa usoni kwangu miaka mingi.

Siku ya tatu: Siku ya mbwa

Leo mbwa wa jiji zima wamevaa mashada ya maua. Mbwa wa nyumbani, mbwa wa mtaani, mbwa mzee mwenye sikio lililoraruka anayelala mbele ya duka la simu: kila mmoja ana shada la maua ya rangi ya machungwa shingoni na doa jekundu la tika kati ya macho. Hata mbwa wa polisi hufanyiwa sherehe yao. Nimemwona mtoto wa miaka kama sita amechuchumaa mbele ya mbwa asiye wa mtu, anampaka tika kwa kidole kimoja, taratibu, na mbwa ametulia kabisa. Kwetu mbwa analinda na anarushiwa mabaki. Sikuwahi kufikiria kwamba anaweza kupewa siku yake ya kushukuriwa kwa kazi hiyo hiyo.

Mchana tumepanda Swayambhunath. Ngazi 365, kali kuelekea mwisho, nyani wamekaa pembeni wakisubiri mtu mzembe mwenye ndizi. Juu kuna stupa nyeupe, mnara wa ibada wa Wabuddha wenye umbo la kuba, na juu ya stupa macho ya Buddha yanatazama pande zote nne. Kile kinachofanana na pua ni tarakimu ya Kinepali, namba moja. Kutoka pale bonde zima linaonekana, nyumba za matofali zimejazana mpaka kwenye miguu ya vilima, na siku ya leo, kwa bahati, ukungu ulifunguka kidogo upande wa kaskazini. Mstari mweupe. Shemeji alinyamaza. Mimi nimeuona mlima mmoja maisha yangu yote, umekaa peke yake kama mzee wa ukoo. Hii ilikuwa ni ukuta.

Jioni tulikwenda Boudhanath, na hapo ndipo tulipozungumza.

Boudha ni stupa kubwa kiasi kwamba mtaa mzima umeizunguka kama kikao. Watibeti wengi waliokimbia nchi yao baada ya mwaka 1959 walifanya makazi hapa, na mpaka leo jioni watu hutoka kuizunguka, daima mkono wa kulia ukiwa upande wa stupa, wakizungusha magurudumu ya sala na kuhesabu tasbihi. Mabibi wenye aproni za mistari, watawa wenye nguo za rangi ya damu ya mzee, vijana na simu zao. Wote wanakwenda upande mmoja. Tukaingia kwenye mzunguko na kuanza kutembea, na kwenye mzunguko wa pili nikamwambia Shemeji ninachotaka.

Nikamweleza habari ya Krismasi. Anaijua, lakini anaijua kwa upande wa chini. Mchagga popote alipo, Dar, Mwanza, hata Nairobi, Desemba anarudi Uchaggani. Barabara inajaa magari, mbuzi wanachinjwa, mbege inachachuka, migomba inapata wenyewe. Na Desemba hiyo hiyo ndiyo wageni wanajaa mlimani. Miaka saba mfululizo mimi Krismasi nilikuwa na mzigo. Kambi ya Karanga usiku unaziona taa za Moshi chini, unaweza hata kukisia ni taa za upande gani. Wageni waliniuliza, kwa wema kabisa, kama sikutaka kuwa nyumbani. Nikatabasamu. Nikasema hamna shida, bosi. Mama yangu alifariki mwezi wa pili wa mwaka wa saba, na Krismasi yake ya mwisho mimi nilikuwa nimebeba hema la watu wanne.

"Tihar nayo iko hivyo," nikamwambia. "Inaangukia kipindi kile kile cha wageni wao. Dai atatabasamu mpaka lini?"

Shemeji alitembea nusu mzunguko bila kunijibu. Kisha akasema mambo ya haki: kwamba tarehe ya ndege haibadiliki, kwamba siku tatu za ziada ni pesa za gesti na chakula, kwamba Tserko Ri itakufa, kwamba Dai mwenyewe amekubali na ni mtu mzima. "Na wewe hukuniambia haya tukiwa Moshi," akasema. Hapo alinishika. Kweli sikumwambia. Nilijua habari za milima, sikujua habari za sikukuu zao, na sikuuliza.

Tulizunguka mara tano. Mwisho akasema, "Mpigie."

Dai aliposikia hakuamini kwanza. Akauliza kama tumeugua. Nikamwambia hapana, tunaondoka baada ya Bhai Tika, na mshahara wa siku hizi tatu uko pale pale. Kimya kikawa kirefu, mpaka nikadhani laini imekatika.

Siku ya nne: Namlo

Kwa kuwa sasa tuna muda, tumetembea soko la Asan pole pole. Ni njia panda ya barabara sita, ya zamani, njia ya biashara iliyokuwa ikiunganisha India na Tibet. Leo ni Laxmi Puja, siku ya tatu ya Tihar, na watu wamefurika: viungo kwenye magunia, samaki wakavu, vyombo vya shaba, taa ndogo za udongo kwa mamia, unga wa rangi za kuchora mlangoni, na mashada ya maua yamening'inizwa kila mahali mpaka hewa yenyewe ina rangi. Hatua chache kutoka hapo, Bangemudha, kuna kigogo cha mti kilichopigiliwa sarafu nyingi hata mti hauonekani. Mwenye kuumwa jino hupigilia sarafu. Kuzunguka kigogo hicho yamejipanga maduka ya madaktari wa meno, meno ya bandia yakiwa dirishani, kwa yule ambaye sarafu haikumsaidia.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa wabebaji.

Hapa mzigo haukai kichwani kama kwetu. Kuna mkanda mpana, namlo, unapita juu ya paji la uso, kamba zake zinashuka mgongoni na kuushika mzigo kwa chini. Mzigo wenyewe huwa ndani ya kikapu cha mianzi, doko, au unafungwa ulivyo. Nimemwona mtu amebeba kabati la nguo, zima, milango yake imefungwa kwa kamba, anapita kwenye umati ule bila kumgusa mtu. Milimani mbebaji huwa na fimbo fupi yenye kichwa kama herufi T. Akichoka haketi, anaiegemeza chini ya mzigo na kupumzika akiwa wima.

Dai alizungumza na mbebaji mmoja aliyekuwa amepumzika, akamweleza kwamba mimi pia ni wa kazi hiyo, kule Afrika. Yule mtu, wa umri wa baba yangu mdogo, akaniangalia miguu kwanza, sio uso. Kisha akanivisha namlo. Kikapu kilikuwa na viazi, labda kilo 30. Nikainuka. Uzito wote ukaja shingoni na kwenye mfupa wa paji la uso, mgongo ukainama wenyewe, na macho yakatazama chini, hayana pengine pa kwenda. Nimepiga hatua kama ishirini. Kwetu mgumu akibeba kichwani anatazama mbele; anauona mlima anaokwenda. Huyu anaona kisigino cha aliye mbele yake.

Nikamuuliza, kupitia Dai, ni kilo ngapi anabeba kwa siku. Akasema inategemea mwenye duka. Nikamweleza kwamba Kilimanjaro sheria inasema kilo 20, na getini kuna mizani, ingawa sio kila siku mizani hiyo inasema kweli. Akafikiri, akauliza swali moja: "Na chakula, mnakula cha wageni au mnapika chenu?" Ni swali ambalo ni mbebaji tu anaweza kuuliza. Nikamjibu tunapika chetu, ugali. Akaonyesha kwa mkono: sisi wali. Tukaagana kwa viganja pamoja kifuani.

Usiku jiji lilizima taa za barabarani machoni mwangu, maana kila mlango ulikuwa na moto wake mdogo. Mbele ya kila nyumba wamechora duara la rangi, na kutoka kwenye duara hilo wamepaka njia ya udongo mwekundu na nyayo ndogo nyeupe zinazoingia ndani, mpaka chumbani, ili Laxmi, mungu wa neema, asipotee. Mama wa gesti amechora za kwake mbele ya ngazi yetu. Tumezikwepa kwa uangalifu, tukapanda kulala. Wasichana walikuwa wanaimba mlango kwa mlango hadi usiku mwingi.

Siku ya tano

Siku fupi. Shemeji tumbo linamsumbua, amebaki kitandani na maji ya chumvi na sukari. Nimekwenda peke yangu Durbar Square ya Kathmandu, uwanja wa kale wa kifalme, kiingilio rupia 1,000.

Kasthamandap, nyumba ya mbao iliyolipa jiji jina lake, ilianguka tarehe 25 Aprili 2015, Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Tetemeko la 7.8. Watu karibu 9,000 walikufa nchini. Leo imesimama tena, imejengwa upya kwa mbao na ufundi wa zamani, mafundi wa jiji lenyewe wakichonga. Ukikaribia unaona mbao mpya zenye rangi ya asali zimeunganishwa bila haraka. Wazee walikuwa wamekaa ndani wakipiga soga kama vile nyumba haikuwahi kuondoka.

Dai amenikuta hapo. Nikamuuliza habari za Langtang siku ile. Akasema kijiji cha Langtang kilikuwa chini ya ukuta wa mlima, na tetemeko liliangusha barafu na mawe kutoka juu, kikafunikwa karibu chote kwa dakika chache. Mamia walikufa, wenyeji na wageni na wabebaji pamoja. Kijiji kipya kimejengwa juu kidogo ya kile cha zamani. Njia inapita juu ya kifusi chenyewe. "Tukifika hapo," akasema, "hatuongei." Nikamwambia sawa.

Kwa Wanewari, wenyeji wa asili wa bonde hili, leo pia ni mwaka mpya wa kalenda yao iliyoanza mwaka 879, na jioni kila mmoja katika familia huchorewa duara lake sakafuni na kuombewa mwili wake mwenyewe. Nimepita karibu na mlango uliokuwa wazi nikaona mistari ya taa na watu wamekaa kwa safu, mkubwa hadi mdogo. Nimepita haraka, si pangu.

Siku ya sita: Bhai Tika

Asubuhi tumepita Rani Pokhari, bwawa lenye hekalu jeupe katikati. Mfalme Pratap Malla alilichimba mwaka 1670 kumfariji mkewe aliyefiwa na mwana. Mwaka mzima lango la hekalu limefungwa. Linafunguliwa leo tu, kwa wale wasio na kaka wala dada. Foleni ilikuwa imezunguka uzio: wazee, vijana, mama mmoja na mtoto wake wa kiume. Watu wa jiji hili waliwafikiria hata hao, wakawawekea mahali.

Kisha Chabahil. Chumba na nusu, ghorofa ya tatu, viatu vimejaa mlangoni. Dada mkubwa alifika jana usiku baada ya kutwa nzima kwenye basi. Dai alituambia ngazini, kwa sauti ya chini, kwamba hawajakaa watatu pamoja siku hii kwa miaka minne.

Redio ilitangaza saa njema. Dai akakaa kwenye mkeka, mtoto wa mdogo wake pembeni. Dada zake wakamzunguka mara tatu wakidondosha maji na mafuta ya haradali sakafuni, mpaka likawa duara ambalo Yama hawezi kulivuka. Dada mkubwa akatoka mlangoni na jiwe, akaziweka jozi, zile kokwa za kula zenye ganda gumu, juu ya kizingiti, akazipasua kwa pigo moja moja. Hizo ni balaa zote za njiani. Halafu tika: mstari mweupe wa unga wa mchele kutoka juu ya paji hadi kati ya nyusi, na juu yake madoa ya rangi saba, moja baada ya jingine, kwa ncha ya kijiti. Mkono wa dada mkubwa ulikuwa unatetemeka kidogo. Mwisho shada la maua ya zambarau, madogo na magumu, yanaitwa makhamali, kwa neno lile lile la mahameli yetu. Ua hilo halinyauki. Wanasimulia kwamba dada mmoja alimwambia Yama asimchukue kaka yake mpaka shada linyauke, na Yama angali anasubiri.

Nilikuwa nimekaa kwenye kona nikidhani nimealikwa kutazama. Dada mdogo akaniashiria mkeka.

Nina kaka watatu, dada sina. Nikakaa. Mafuta yalipodondoka yakanizunguka mara tatu kama mtu wa nyumba hiyo. Kijiti kilikuwa baridi kwenye paji la uso, mahali pale pale ambapo juzi namlo ulikuwa umekaa. Dada mdogo alikuwa anasema maneno ambayo sikuyaelewa, na Dai hakutafsiri, na sikuhitaji. Kisha ikawa zamu yangu kumpaka yeye tika na kumpa zawadi. Nilikuwa na kanga moja niliyoileta kwa ajili ya mtu yeyote tutakayemshukuru. Akaifungua, akaitandaza magotini, akagusa maandishi na kuuliza yanasema nini. Nikamsomea: *Wema hauozi*. Dai akalitafsiri hilo.

Shemeji, aliyepakwa tika na kupona tumbo kwa wakati mmoja, alitoka varandani akampigia dada yake kwa video. Moshi ilikuwa bado asubuhi. "Mbona umepakwa rangi kama bendera?" nikamsikia mke wangu akiuliza. Shemeji akaanza kueleza maana yake, akafika mahali pa jozi, akakwama. Akasema, "Dada, nitakueleza nikija." Akakaa nje muda mrefu baada ya simu kukatika.

Tumekula sel roti, duara za unga wa mchele zilizokaangwa, binamu wa kitumbua kwa ladha, tumekula mpaka jioni.

Siku ya saba: Kuelekea Syabrubesi

Basi limeondoka Machha Pokhari asubuhi na mapema, nusu tupu. Abiria wote tumevaa tika zetu, hata dereva, na shada lake amelitundika kwenye kioo. Barabara inashuka hadi mto Trishuli, kisha inapanda, inapanda, kona juu ya kona, korongo upande mmoja. Nuwakot tulipopita Dai alionyesha kilima na kusema jina la kijiji chao. Dhunche wanajeshi wanaolinda hifadhi wakakagua vibali. Kijana aliyeshika pasi zetu alitazama Tanzania, akatazama paji la uso langu, akatabasamu na kugonga mhuri.

Tserko Ri haipo tena kwenye mpango. Tutafika Kyanjin Gompa, meta 3,870, tutalala usiku mmoja, tutageuka. Shemeji ameifuta ile picha kwenye simu au ameihamisha, sikumuuliza. Mahali pake kuna picha ya watu watano kwenye mkeka.

Syabrubesi ni mstari mmoja wa nyumba kando ya maji yenye kelele. Dai amepima mabegi yetu kwa mkono, langu kilo 11, la Shemeji 14, akamtolea koti moja na kulitia kwenye begi lake mwenyewe. Nikalitoa na kulitia kwenye langu. Nimemuuliza mlimani wanasemaje pole pole. "Bistarai," akasema, "bistarai, bistarai." Kisha akachomoa jozi tatu alizofungiwa na dada yake kwenye karatasi ya gazeti, akatafuta jiwe, akazipasua kwenye kizingiti cha gesti, moja ya kila mtu. Kesho saa moja asubuhi tunavuka daraja.